Mzio wa Mtoto na Misuli Inayochoka
Somo la afya kwa vikundi vya kujisaidia, Changamwe



Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya maradhi mawili ya watoto. Ya kwanza mnayajua nyote. Ni mzio, ama aleji kama wengi wetu tusemavyo: pumu, mafua yasiyokwisha, macho ya kuwasha, ukurutu wa ngozi. Hakuna mtaa wa Chaani, Magongo, Migadini wala Port Reitz usio na mtoto wa namna hiyo. Ya pili ni ya nadra, na wengi hawajapata kusikia jina lake. Misuli ya mtoto huchoka upesi kupita kiasi. Kope zinashuka, sauti inafifia, chakula kinampalia, na mwisho hata pumzi inapungua. Hospitalini ugonjwa huu huitwa miasthenia gravisi.

Kwa nini tunaweka maradhi haya pamoja? Sababu ni tatu. Kwanza, yote mawili hutokana na kosa la kinga ya mwili. Pili, dalili zake hufanana machoni na kifuani, na mtoto aweza kutibiwa aleji miezi mingi kumbe shida ni misuli. Tatu, dawa inayomfaa mgonjwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Mzazi anayeyajua mambo haya matatu aweza kuokoa maisha. Someni pole pole, ikibidi kwa mikutano miwili. Maswali ya majadiliano yako mwisho.

1. MLINZI ANAYEKOSEA

Mwili una walinzi wake. Kazi yao ni kuwatambua wageni wabaya, kama vile vijidudu vya maradhi, na kuwaacha wenye nyumba na wageni wema wapite. Walinzi hawa ni seli zilizo ndani ya damu. Moja ya silaha zao ni kingamwili, yaani vitu vidogo mno vinavyoelea katika damu na kumnata adui. Mtoto anapochanjwa surua, walinzi hufundishwa sura ya adui kabla hajafika.

Lakini mlinzi aweza kukosea kwa njia mbili.

Kosa la kwanza ni kumpiga mpita njia. Vumbi la godoro, kinyesi cha mende, chavua ya maua, kamba ama kaa katika sahani: vitu hivi havina vita na mtu. Lakini mwili wa mtoto mwenye mzio huviona kama wezi. Hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, na kitu kile kikija tena, kengele hulia. Pua inatiririka, macho yanawasha, ngozi inavimba, mirija ya mapafu inabana. Neno aleji lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Yeye aliona kwamba mwili ukishakutana na kitu mara ya kwanza hubadilika, na mara ya pili hujibu kwa namna nyingine.

Kosa la pili ni zito zaidi. Ni mlinzi kugeuka na kumpiga mwenye nyumba. Walinzi wakishambulia kongosho, mtoto hupata kisukari cha utotoni. Wakishambulia viungo, mtu hupata baridi yabisi. Wakishambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, ndipo panapotokea miasthenia gravisi. Kingamwili zinazofanya kazi hiyo mbovu ni za aina nyingine, IgG, si zile za aleji.

2. KITASA NA UFUNGUO

Ukitaka kuinua mkono, ubongo hutuma habari kupitia mshipa wa fahamu. Mshipa huo haugusani na msuli wenyewe. Kati yao kuna upenyo mdogo sana. Hapo mshipa hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sisi tuiite ufunguo. Upande wa msuli kuna vitasa. Ufunguo ukiingia kitasani, msuli hujikunja.

Kwa mwenye miasthenia gravisi, kingamwili zimeviziba vitasa vingi na kuviharibu vingine. Asubuhi, mtu akiwa amepumzika, mshipa hutoa funguo nyingi, na vitasa vichache vilivyobaki hutosha. Lakini kadiri msuli unavyotumika, funguo zinazotolewa hupungua, na bahati ya ufunguo kukuta kitasa kizima inakuwa ndogo. Ndiyo maana mtoto huamka vizuri akalegea jioni, ama huanza kula vizuri akashindwa kutafuna katikati ya sahani. Shikeni sana alama hii: nguvu hupungua kwa kutumika, na hurudi kwa kupumzika.

Wazee wanaojua nyoka watalielewa jambo hili upesi. Mtu akiumwa na swila wa aina fulani, kope hushuka, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inashindwa. Sumu ya swila huyo huziba vitasa vile vile. Tofauti ni kwamba ya nyoka hufanya kazi kwa saa, na ya miasthenia huja kwa wiki ama miezi, tena imetengenezwa na mwili wenyewe.

Dawa ilipatikana kwa kufikiri namna hiyo hiyo. Mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa hospitali ya St Alfege's huko London, aliona kwamba wagonjwa hawa wanafanana na watu walioingiwa na sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini inayolegeza misuli. Akajaribu dawa inayopinga sumu ile, fisostigmini, na kope za mgonjwa zikainuka. Dawa hiyo asili yake ni maharagwe ya Calabar, Nigeria, ambayo zamani watu walilishwa ili kumtambua mchawi. Kile kilichotumika kuwahukumu watu uchawi kikawa cha kuwainua wagonjwa! Dawa ya siku hizi, piridostigmini, ni ya ukoo huo huo. Haiondoi kingamwili. Kazi yake ni kuzichelewesha funguo zisiharibike upesi, zipate muda wa kufungua.

Mwaka 1960 John Simpson wa Scotland alitoa wazo kwamba huenda mwili unajishambulia wenyewe. Mwaka 1973 wachunguzi huko Marekani waliwadunga sungura protini ya vitasa kutoka kwa mkunga wa umeme. Walinzi wa sungura walitengeneza kingamwili dhidi ya protini ile, na sungura wakalegea kama wagonjwa. Basi tangu hapo jambo likawa wazi. Ugonjwa huu si uchawi, si jini, si uvivu, wala hauambukizi.

3. JE, MZIO HUZAA UGONJWA WA MISULI?

Hilo ndilo swali ambalo mzazi wa mtoto mwenye pumu ataliuliza kwanza. Jibu fupi ni hili: hakuna ushahidi kwamba pumu ama ukurutu hugeuka kuwa miasthenia gravisi. Lakini wachunguzi wameona kuwa maradhi haya mawili hukutana mara nyingi kidogo kuliko ambavyo tungetazamia.

Huko Taiwan, ambako karibu kila mtu yumo katika bima ya afya ya taifa, madaktari walipekua kumbukumbu za bima hiyo. Mwaka 2015 waliandika kwamba watu waliokuwa na maradhi ya mzio, ama maradhi ya tezi ya shingo, walipata miasthenia gravisi zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Hii haisemi kwamba moja ni mama wa lingine. Paa moja bovu laweza kuvuja katika vyumba viwili, na maji ya chumba hiki hayakutoka chumba kile.

Tena, kumbukeni uchache wake. Katika nchi zilizohesabu wagonjwa vizuri, miasthenia gravisi huwapata kama watu 150 hadi 250 katika kila milioni moja, na wengi wao ni watu wazima. Ukiwa na punje moja ya mchanga ukaongeza ya pili, bado hujajaza debe. Mzio nao ni wa watu wengi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 uliwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa mashambani Murang'a, kisha ukapima vifua vyao. Waliobanwa na kifua baada ya mbio walikuwa karibu 23 kwa kila 100 mjini, na 13 kwa kila 100 mashambani. Basi, kwa mtoto mwenye pumu hapa Changamwe, hatari iliyo karibu ni pumu yenyewe isiyotibiwa. Asikeshe mama kwa hofu ya ugonjwa wa nadra huku dawa ya kuvuta imeisha.

Kuna jambo la pili la kujua. Mwaka 1974 daktari Hopkins wa Australia alieleza habari za watoto ambao, siku chache baada ya shambulio kali la pumu, mkono ama mguu mmoja ulilegea ghafla kama wa polio. Baadaye, mwaka 2014, virusi viitwavyo EV-D68 vilienea Marekani. Viliwabana sana kifua watoto, hasa wenye pumu, na wachache wakapooza mkono ama mguu. Huu si miasthenia. Ni uti wa mgongo ulioumia, na ni nadra sana. Lakini unatufundisha kanuni moja ambayo kila mtu mtaani lazima aijue:

MTOTO WA CHINI YA MIAKA 15 AKILEGEA MKONO AMA MGUU GHAFLA, APELEKWE NA KURIPOTIWA SIKU HIYO HIYO.

Mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Hospitali itachukua choo chake mara mbili, ndani ya siku 14, ili kupima polio. Msingoje kuona kama atapona mwenyewe.

Jambo la tatu ni la minyoo. Wengine husema, "Watoto wa zamani hawakuwa na aleji kwa sababu walikuwa na minyoo, basi tuache dawa za minyoo." Majirani zetu wa Uganda walilichunguza jambo hili katika vijiji vya wavuvi kwenye visiwa vya Koome, Ziwa Viktoria, kuanzia mwaka 2012. Vijiji vingine vilipewa dawa za minyoo mara kwa mara, vingine kwa kiasi cha kawaida. Baada ya miaka mitatu, kubanwa kifua na dalili za mzio hazikuzidi kwa waliopewa dawa nyingi. Kwa hiyo mtoto apewe dawa ya minyoo shuleni bila wasiwasi.

4. PALE TUNAPOCHANGANYA

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Mtoto mwenye aleji akianza kulegea misuli, kila mtu husema, "Ni ile aleji yake." Tutazame mahali patatu.

Macho. Mtoto mwenye mzio wa macho hujikuna. Macho ni mekundu, yanatoa machozi, na kope huvimba. Hali huzidi wakati wa vumbi. Mwenye miasthenia macho yake hayawashi wala hayawi mekundu. Kope, moja ama zote mbili, zinashuka tu kama pazia lililokatika kamba. Hapo hapo huweza kuona vitu viwili viwili. Utamwona anainua kidevu ama anafunika jicho moja ili aone ubao. Asubuhi kope ziko juu, jioni ziko chini. Dawa ya matone ya aleji haimsaidii.

Kifua. Pumu ina kelele. Kifua kinapiga filimbi, mtoto anakohoa usiku, anapata taabu kutoa pumzi nje. Udhaifu wa misuli ni wa kimya. Pumzi ni fupi fupi, kikohozi hakina nguvu, sauti inatokea puani, na maji ya kunywa yanarudi puani ama yanampalia. Akilala chali anazidiwa. Dawa ya kuvuta haibadilishi kitu. Jihadharini: hata pumu ikizidi mno, kifua huweza kunyamaza. Kwa hiyo mtoto anayepata shida ya kupumua kisha akanyamaza asiachwe alale. Akimbizwe hospitali, iwe ni pumu ama misuli.

Uchovu. Dawa za mwasho kama piritoni huleta usingizi, na mtoto aliyekunywa ataonekana mlegevu. Hilo hupita dawa ikiisha mwilini. Kama hajapewa dawa siku mbili tatu na bado kope zinashuka jioni, ama anashindwa kupanda ngazi ambazo asubuhi alizipanda, hapo kuna swali la kumuuliza daktari.

Tuchukue mfano. Mtoto wa gredi ya nne ana mafua ya aleji tangu utotoni. Mwalimu analalamika ati anasinzia darasani baada ya chakula cha mchana, na anasoma aya moja tu kwa sauti, ya pili haisikiki. Nyumbani anachapwa kwa uvivu, manake asubuhi alikuwa anakimbia. Jirani anasema amechezewa. Miezi inapita. Wote wanaona kitu cha kweli, ila hakuna aliyeuliza swali moja: je, akipumzika, nguvu zinarudi?

5. JINSI YA KUMTAZAMA MTOTO

Hivi si vipimo vya kutoa hukumu, ila vinasaidia kujua kama ni lazima kwenda.

(a) Mwambie atazame juu, kwenye kidole chako, bila kuinua kichwa, kwa dakika moja ama mbili. Je, kope zinashuka kidogo kidogo?

(b) Mwambie ahesabu kwa sauti moja hadi hamsini. Je, sauti inafifia ama inaingia puani?

(c) Mwambie anyooshe mikono mbele kwa dakika moja. Je, inaanguka yenyewe?

(d) Mwache apumzike nusu saa akiwa amefumba macho. Je, kope zimeinuka tena?

Andikeni mliyoyaona katika daftari, pamoja na saa. Mkiwa na simu, mpigeni picha ya uso asubuhi na jioni ya siku moja. Picha mbili hizo zaweza kumwambia daktari mengi kuliko maneno, kwa sababu mtoto akifika kliniki asubuhi huonekana mzima kabisa.

Anzeni katika zahanati iliyo karibu ama hospitali ya Port Reitz, na muombe barua ya kwenda kwa daktari wa watoto katika Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani. Huko wanaweza kumwekea barafu iliyofungwa kitambaani juu ya kope kwa dakika mbili. Kope ikiinuka, hiyo ni dalili kubwa. Kuna pia kipimo cha damu cha kutafuta zile kingamwili, na picha ya kifua ya kutazama tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako walinzi hufundishwa kazi.

Lakini mtoto anayeshindwa kumeza mate, kukohoa ama kupumua hangoji barua. Huyo ni wa dharura, hata saa nane za usiku.

6. DAWA: ZINAZOPONYA NA ZINAZODHURU

Habari njema ni kwamba miasthenia gravisi hutibika. Watoto wengi hurudi shule, hucheza, hukua. Wengi hutumia piridostigmini mara kadhaa kwa siku. Wengine huongezewa dawa za kutuliza walinzi, kama vile prednisoloni. Baadhi hufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi. Uchunguzi mkubwa wa watu wazima uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa upasuaji huo huwasaidia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kama mtoto ana pumu na miasthenia pamoja, mambo haya lazima daktari ayajue:

- Piridostigmini yaweza kubana mirija ya kifua na kuongeza makohozi. Mwenye pumu huanzishwa kwa uangalifu. Dozi ikizidi, mtoto hutoka mate mengi, tumbo humsokota, huharisha, na hulegea zaidi.

- Prednisoloni ni dawa ya pumu pia, lakini mwenye miasthenia akianza kwa dozi kubwa aweza kuzidiwa siku za mwanzo kabla ya kupata nafuu. Isinunuliwe dukani bila daktari. Na aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla.

- Dawa za presha za ukoo wa propranololi ni mbaya kwa pumu na kwa misuli. Hata matone ya macho ya timololi, wanayopewa wazee wenye presha ya macho, humo humo. Mtoto asitiwe dawa ya macho ya babu yake.

Na kwa kila mwenye miasthenia, mtoto ama mtu mzima, dawa zifuatazo zaweza kuilegeza misuli hadi pumzi ikakatika:

- Kwinini na klorokwini. Hapa pwani, penye malaria, hili ni jambo kubwa. Siku hizi malaria kali hutibiwa zaidi kwa sindano ya artesuneti, lakini kwinini bado yaweza kupatikana. Mwambie mhudumu kabla hajashika sindano.

- Baadhi ya dawa za vijidudu: jentamaisini, siprofloksasini na wenzake, erithromaisini na azithromaisini.

- Magnesi ya sindano, ambayo hupewa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Mama mwenye miasthenia aseme tangu kliniki ya kwanza. Mtoto wake mchanga naye aweza kulegea siku za mwanzo kwa kingamwili alizopata tumboni, kisha hupona. Kwa hiyo ajifungulie hospitalini.

- Dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Daktari wa usingizi aambiwe mapema.

Hatusemi kwamba mgonjwa asitibiwe malaria ama homa ya mapafu. Maradhi hayo yenyewe humlegeza zaidi. Tunasema achaguliwe dawa na mtu anayejua hali yake. Na wanaoombewa waendelee kuombewa, lakini tembe zisikatwe siku ya maombi wala siku ya mganga.

7. KUPUNGUZA MZIO NYUMBANI KWETU

Changamwe ni mlango wa mizigo ya nchi nzima. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza mwaka 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013, lakini malori yamebaki, na moshi na vumbi lake. Barabara hatuwezi kuihamisha. Ndani ya nyumba tunaweza mengi:

- Anikeni godoro na mito juani kila wiki. Fueni shuka na chandarua.
- Pangusieni vumbi kitambaa kibichi badala ya fagio kavu, mtoto akiwa nje.
- Fungeni unga na mabaki ya chakula usiku. Mende ni chanzo kikubwa cha pumu mjini.
- Jiko la makaa lisipikiwe chumba cha kulala.
- Dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani ni moshi pia. Penye mtoto wa pumu, chandarua ni bora, na udi ufukizwe yeye akiwa hayupo.
- Asivutiwe sigara ndani.
- Kama ni chakula, andikeni kila alichokula siku alipovimba. Msimnyime mayai, samaki na njugu zote kwa kukisia tu. Mtoto ataishiwa damu na nguvu, na mtasema ni misuli.

Mzio ukitulizwa, daktari hupata njia nyeupe ya kuona kama kuna jambo lingine.

8. KAZI YA KIKUNDI

Piridostigmini haitakiwi kukatika hata siku moja. Hapo ndipo chama kinapoweza kufanya ambalo familia moja haliwezi.

Kwanza, hakikisheni kila nyumba imeandikishwa SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na ulizeni hospitalini ni dawa zipi zinazolipiwa.

Pili, tengeni mfuko mdogo wa dharura wa nauli na dawa, usioguswa kwa mambo ya sherehe.

Tatu, mwandikieni mgonjwa kadi ya kuvaa ama ya kubandika nyuma ya daftari la kliniki: jina la ugonjwa, dawa anazotumia, na dawa zilizokatazwa. Kadi hiyo itasema wakati yeye hana sauti.

Nne, nendeni shule. Mwalimu akielewa, atampa mtoto nafasi ya kusoma asubuhi na ya kupumzika mchana, na hataitwa mvivu tena.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mtaa wetu, mtoto anayechoka upesi huambiwa ana nini? Je, maneno hayo humsaidia kufika hospitali ama humchelewesha?

2. Mtajeni tofauti mbili kati ya macho ya aleji na kope za miasthenia. Kila mmoja amweleze jirani yake bila kusoma.

3. Mtoto ana homa ya malaria na amepata kuambiwa ana miasthenia gravisi. Mtamwambia nini mhudumu wa zahanati?

4. Nani katika kikundi ana namba ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa? Iandikwe leo, kila mtu awe nayo.

5. Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi amtazame mtoto mmoja mwenye pumu katika jamaa yake. Je, dawa yake ya kuvuta ipo, na anajua kuitumia? Leteni majibu.